Sehemu ya Mtazamaji

Imeulizwa: mtu akimtazama mwenziwe akijiangamiza ili apendeze, naye akampigia makofi, je, ana sehemu katika maangamizi hayo au hana?

Mfano wa jambo hili umo katika sinema iitwayo Black Swan, iliyotolewa na Darren Aronofsky mwaka wa 2010. Hikaya yake ni ya msichana wa New York, jina lake Nina, mchezaji wa baleti, ngoma ya Kizungu ichezwayo kwa ncha za vidole vya miguu. Nina achaguliwa kucheza sehemu mbili, ya bata maji mweupe na ya mweusi. Mama yake amsonga, mwalimu wake amdhili, na yeye mwenyewe hajisamehe kosa hata dogo. Akili yamharibikia, akawa aona yasiyokuwapo. Hata usiku wa ngoma ajichoma kwa kipande cha kioo, acheza na jeraha lake mpaka mwisho, na waliohudhuria wamshangilia bila kuijua damu yake.

Walioitazama sinema hii walikhitalifiana. Wako waliotishika; wako waliocheka, wakisema yamepita kiasi; na baadhi ya wachezaji wa baleti walilalamika ya kwamba kazi yao imesawiriwa kuwa ni wazimu. Wengi waliisifu, na Natalie Portman, aliyekuwa Nina, akapewa tuzo ya Oscar mwaka wa 2011. Kisha pakazuka ugomvi: Sarah Lane, mchezaji aliyewekwa mahali pake katika michezo migumu, alisema sehemu kubwa ya kucheza ilikuwa yake, na Aronofsky akakanusha. Katika mabishano hayo yote swali moja lilikaa nyuma: Nina aliangamia kwa ajili ya macho ya nani?

Wala asidhani mtu wa Karagwe au wa Kyerwa ya kuwa haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka wa 1861 msafiri Speke alifika kwa Mukama Rumanyika, akawakuta wanawake wa jumba la mfalme wakinyweshwa maziwa hata hawawezi kusimama, kwani unene ndio uliokuwa uzuri machoni pa watu. Mmoja wao, shemeji ya mfalme, alimpima: kifua chake futi 4 na inchi 4. Hapo hapo binti wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo asije akaacha. Kule mwili wakondeshwa, huku wanoneshwa. Na aliyeipa fimbo nguvu ni mtazamaji. Speke naye alikuwa mtazamaji: alistaajabu, akapima, akawasimulia Waingereza katika kitabu chake cha mwaka wa 1863, na binti akabaki na chungu chake.

Akisema msemaji, "Hiyo ni hikaya tu, hapana aliyekufa," jawabu ni hili: kweli, Nina hakuwako, lakini mwili wa Portman ulikondeshwa kwelikweli ili watu waridhike. Na moyo uliozoea kuyaita maangamizi ukamilifu mbele ya sinema, hauoni tabu kuyaita hivyo nyumbani.

Basi watazamaji ni watatu. Asiyejua, huyo ana udhuru. Ajuaye akahuzunika na kuzinduka, huyo amefaidika. Ajuaye akataka zaidi, huyo ana sehemu, kwani lau si yeye, fimbo ingelianguka.

Desturi ya jumba la Rumanyika imekwisha, lakini fimbo haijakosa mikono. Mzazi wa Kayanga au wa Nkwenda amwambiaye mwanawe, "Usipokuwa wa kwanza usirudi kwangu," ameishika. Kijana asifuye uso uliochubuliwa kwa dawa, naye ameishika. Mwili ni amana, na akili ni amana. Mwenye kutaka kusifu na aulize kwanza sifa hiyo imenunuliwa kwa thamani gani, na ni nani aliyeilipa. Ndipo apige makofi, au ainuke amsaidie aliyejeruhiwa.

Wallahu aalam.