Samweli anaitwa usiku: nani atamfundisha kuitika?

Somo: 1 Samweli 2:12-26 na 3:1-18

 

Neno tulilosoma linatuonyesha vijana wa namna mbili katika nyumba moja. Hofni na Finehasi walikuwa wana wa kuhani. Walizaliwa karibu na madhabahu, lakini walichukua nyama ya sadaka kwa nguvu na kudharau mambo ya Mungu. Baba yao Eli alisikia habari zao kutoka kwa watu, akawakaripia kwa maneno, akaishia hapo. Hata Mungu alimlaumu kwamba alijua na hakuwazuia. Samweli naye alikuwa mtoto wa mama mwingine, kutoka kijiji kingine. Lakini alilala karibu na Eli, na alipoitwa usiku alijua mlango wa kukimbilia.

Tuangalie vizuri, wapendwa. Samweli aliitwa mara tatu, na mara tatu alimwamsha mzee. Eli hakumfukuza wala hakumpiga. Wala hakusema, "Ndiyo, ni mimi niliyekuita." Mara ya tatu akatambua kwamba ni Bwana, akamfundisha mtoto namna ya kuitika. Hiyo ndiyo kazi ya mkubwa: asijifanye sauti ya Mungu, bali amsaidie kijana kuitambua.

Watoto wa kartiye yetu wanaitwa pia usiku, na sauti ni nyingi. Bangi inawaita. Kanyanga inawaita. Anayetoa silaha na ahadi ya chakula anawaita. Mwanaume mwenye pesa anamwita msichana ambaye nyumbani kwao hakukupikwa kitu. Nao wanaolala kwenye baraza za soko, ambao mji mzima unawaita maibobo, hawana hata Eli wa kumwamsha.

Tusiseme upesi kwamba vijana wa leo wameharibika. Mtoto aliyezaliwa Goma mwaka 2010 alibebwa mgongoni vita vilipoingia mjini Novemba 2012. Alikuwa bado mdogo Nyiragongo ulipowaka tarehe 22 Mei 2021. Siku chache baadaye watu waliamriwa kuondoka, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao njiani. Alikuwa hajatimiza miaka 15, au ametimiza juzi tu, vita vilipoingia tena Januari 2025. Moyo uliopita katika hayo yote unahitaji mtu wa kukaa naye, si mtu wa kumkaripia na kwenda zake.

Na tusiseme kwamba mtoto asiye na baba amekwisha kupotea. Tukumbuke Papa Simon Kimbangu. Alianza kazi ya Bwana kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na Septemba ya mwaka ule ule akakamatwa. Alihukumiwa kufa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akafia gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Alimwacha Mama Marie Muilu na wana watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Huyu wa mwisho alikuwa na miaka 3 tu. Baba alikuwa mbali sana, lakini mama alisimama, na waamini walisali kwa siri. Diangienda yule ndiye aliyeongoza Kanisa lilipotambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, akaliongoza hadi kifo chake mwaka 1992.

Basi tufanye nini? Tuna maneno matatu tuliyofundishwa: Upendo, Amri na Kazi.

Upendo. Kila nyumba ya waamini ichague kijana mmoja wa avenyu yake mwenyewe. Tujue analala wapi, amekula nini, anatembea na nani. Tumtembelee kila juma, hata asipokuja ibadani siku ya Yenga. Hana alimpelekea Samweli kanzu ndogo kila mwaka. Hakuna anayeweza kushona kanzu ya mtoto asiyejua kimo chake. Hana alijua mwanawe amekua kiasi gani, kwa sababu alirudi kila mwaka.

Amri. Hapa tunasema kwa nguvu. Mtu yeyote asisimame katika ibada, wala katika maombi ya usiku, akamwita mtoto mchawi. Asiseme ameonyeshwa katika ndoto. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 imekataza jambo hilo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inalipa adhabu ya kifungo. Watoto wengi walioko barabarani walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja. Roho wa Bwana alimtembelea Samweli ili amwite, si ili afukuzwe.

Tena, mkubwa asikae peke yake na kijana katika nyumba iliyofungwa. Twende wawili, mlango uwe wazi, na mzazi au mlezi ajue. Na aliyetoka kwenye silaha asipewe jina la utani, wala asilazimishwe kusimulia mbele ya watu mambo aliyoyaona. Akitaka kusema, tumsikilize. Eli alimwomba Samweli asimfiche neno lolote, hata neno lililomhusu yeye mwenyewe na nyumba yake.

Kazi. Kati yetu kuna washonaji, maseremala, mafundi wa magari, mafundi wa kutengeneza chukudu, wamama wa biashara. Kila fundi amkaribishe kijana mmoja karibu na meza yake. Lakini asimfanye mtumishi wa kuchota maji na kufua nguo bure. Amfundishe kazi yenyewe, ampe chakula cha mchana, na mwisho amwachie ashike chombo kwa mkono wake. Anayeweza kurudi masomoni, tukusanye sadaka kwa ajili ya minervali yake.

Wengine watasema: sisi ni wazee, hatuna nguvu, hatuna franka. Macho ya Eli yalikuwa yamefifia, hakuona tena vizuri. Lakini usiku ule alikuwa karibu, na mtoto alimpata. Taa ya Mungu ilikuwa haijazimika bado.

Bwana atupe masikio ya kusikia hodi ya usiku, na saburi ya kufungua hata mara ya tatu. Awalinde vijana wa Katoyi na wa Goma nzima, awarudishe waliochukuliwa, awape amani wazazi wanaolia. Katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Amina.