Je, Ni Haki Kumwadhibu Asiyeweza Kutulia?

Huko Ubaruku, wilayani Mbarali, penye mashamba ya mpunga, mtoto asiyetulia hupewa jina upesi: mkaidi. Hutumwa maji akasahau njiani. Darasani huinuka kabla mstari wa kwanza haujaandikwa, na herufi alizosoma jana leo hazijui. Basi fimbo hushuka.

Ndugu msomaji, ni nani astahiliye adhabu? Bila shaka ni yule aliyeweza kutii akakataa. Wazazi husema huyu naye anaweza, kwani akiamia ndege shambani yu macho kutwa. Hoja hii ina nguvu, lakini hupotosha. Kugeuka-geuka huko ndiko dalili ya hali yenyewe: kimvutacho humshika, kisichomvuta humtoka, wala hachagui. Daktari George Still, alipoieleza hali hiyo mjini London mwaka 1902, aliiona kuwa ni upungufu wa kujitawala kimaadili. Leo inajulikana kuwa ni tofauti ya ukuaji wa ubongo, na mara nyingi hurithiwa. (Huenda baba ashikaye fimbo alikuwa vivyo hivyo!)

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo haihalalishi kumrudi mtoto asiyeweza kufahamu makusudi ya kurudiwa.

Hatusemi aachwe bila malezi. Aagizwe jambo moja moja, akae karibu na mwalimu, herufi azichore mchangani kwa kidole. Mwalimu mwenye darasa lililojaa atasema hana nafasi hiyo, wala hasemi uongo; basi mzazi na aanze nyumbani jioni, kwa dakika kumi.