Mapatano Yaliyotiwa Sahihi ni Deni

Tarehe 17 Septemba 2025 vyuo vikuu vya Serikali nchini Kenya viliingia katika mgomo uliodumu siku 49. Wengi waliuita mgomo wa wahadhiri. Lakini pamoja nao waligoma pia watumishi wasiofundisha, wa chama cha KUSU. Watu hao hatuwataji siku ya mahafali. Ila wakikunja mikono, maabara hufungwa, vitabu havitolewi, na mwanafunzi hana wa kumwandikisha.

Kisa kilikuwa nini? Kilikuwa hasa deni la shilingi bilioni 7.9, lililotokana na mapatano ya miaka ya 2017 hadi 2021. Tarehe 5 Novemba ilikubaliwa kwamba deni lilipwe kwa mafungu mawili, la pili likingoja Julai 2026. Angalieni basi: ili kupata kilichokwisha kuandikwa katika mapatano ya kwanza, ilibidi yafanywe mapatano ya pili. Hapo ndipo penye kidonda.

Torati iliamuru kwamba kibarua maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, maana roho yake yote i katika ujira huo. Mtume Yakobo atuonya kwamba ujira uliozuiwa wapiga kelele, na kelele hizo zamfikia Mungu. Ikiwa jua moja ni muda mrefu mno, tuseme nini juu ya miaka? Mtoto wa mtumishi hali ahadi, wala mwenye duka hapokei nakala ya mapatano badala ya fedha.

Kwa hiyo twawaambia wenye mamlaka: kujadiliana si kumchosha mwenzako mpaka njaa imrudishe kazini. Msiahidi msichoweza kulipa. Na mkisha kuahidi, lipeni kabla ya kushurutishwa.

Nanyi wafanyakazi, Katiba ya mwaka 2010 inawapa haki ya kugoma, na Mama Kanisa haikatai. Lakini Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mgomo ni njia ya mwisho, tena wenye mipaka. Ni dawa kali. Haimezwi kila siku. Anayevunja mali ya chuo au kumpiga mwenzake aliyekwenda kazini ameiharibu haki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Nasi wazazi, tuliowaona watoto wetu wakikaa bure, tusikimbilie kumlaani mgomaji. Tuulize kwanza ni nani aliyelivunja neno lake. Kisha tugeuze macho nyumbani mwetu. Yule binti atupikiaye, yule mlinzi akeshaye langoni, mpishi wa parokia, mfagiaji wa shule ya misheni: je, mwezi uliopita wamelipwa? Hao hawana chama wala mwanasheria. Mgomo wao ni machozi ya usiku, na Mungu huyaona. Hatuwezi kuidai Serikali haki ambayo sisi wenyewe twainyima jikoni petu.

Basi, kila mwenye deni la ujira alilipe juma hili, asingoje kuombwa. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, uliyekula jasho la mikono yako, utuombee.