Kufuli ya Kuazima

Amana ya mali na amana ya siri ni ndugu wawili wasiofanana. Mali ikiibwa, mahali pake huonekana patupu, na mwenyewe hupiga kelele. Siri ikiibwa hubaki palepale ilipowekwa, haikupungua hata neno, na mwenyewe hulala usingizi akidhani kuwa bado ni yake peke yake. Kwa sababu hiyo mlinzi wa siri aghalabu hana shahidi wa uzembe wake ila dhamiri yake. Yafaa basi kuuliza: mtu aliyekabidhiwa siri za wengine, akazifunga kwa kufuli asiyoijua, ametimiza amana au ameivunja?

Zamani swali hili liliwahusu makadhi, waganga na makarani. Siku hizi limewafikia watunzi wa programu za kompyuta. Mtu aandikaye kwa lugha nyepesi kama Python au PHP hupewa kazi ya kuhifadhi habari za maradhi ya wagonjwa, mishahara ya wafanyakazi na barua za marafiki. Yeye hafumbi maandishi hayo kwa akili yake. Huita maktaba ya ufumbaji iliyotungwa na wengine, akaipa ufunguo, akaipa maandishi, na kwa mistari mitatu au minne hupokea maneno yasiyosomeka. Kazi iliyowachukua wataalamu miaka mingi humalizika kabla kikombe cha chai hakijapoa.

Kuazima huku si aibu. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kuwa fumbo jema halitegemei kufichwa kwa namna yake. Hata likitekwa na adui lazima libaki salama, maadam ufunguo haujulikani. Kwa mwendo huo, mwaka 1998 mafumbo 15 yaliwekwa hadharani nchini Marekani ili wenye elimu wa dunia nzima wayashambulie. Mwaka 2000 likachaguliwa fumbo la Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 likawa kipimo rasmi kwa jina la AES. Fumbo hilo hukata maandishi mafungu ya baiti 16, na kila fungu hulivuruga kwa mizunguko 10, 12 au 14, kwa kadiri ya urefu wa ufunguo. Mtu aachaye chombo kilichojaribiwa hivyo, akajiundia chake chumbani, si jasiri bali ni mwenye kiburi, na gharama ya kiburi chake hulipwa na watu wengine.

Walakini kufuli njema yaweza kutiwa katika mlango mbovu. Fumbo la mafungu hujua kufumba fungu moja tu. Halijui la kufanya na barua ndefu. Ni juu ya mtumiaji kuchagua namna ya kuunganisha mafungu. Namna iliyo rahisi kuliko zote, iitwayo ECB, hufumba kila fungu peke yake, hivyo mafungu mawili yaliyo sawa hutoka sawa baada ya kufumbwa. Msomaji asiye na ufunguo hawezi kusoma, lakini huona palipokaririwa, na makariri ni mdomo usemao mengi. Maktaba ya PyCrypto, iliyopata kutumiwa sana na waandishi wa Python, ilikuwa ikishika namna hiyo kila mtumiaji aliponyamaza bila kuchagua. Ukimya wake ulihesabiwa kuwa ridhaa.

Matunda ya ridhaa ya namna hiyo yalionekana mwaka 2013, maandishi ya kampuni moja kubwa ya Marekani yalipoibwa. Maneno ya siri ya mamilioni ya wateja yalikuwa yamefumbwa kwa namna hiyo ya ECB, kwa ufunguo mmoja, na kando yake viliandikwa wazi vidokezo ambavyo wateja walijiwekea ili wasisahau. Watu wengi waliochagua neno moja walipata fumbo moja. Na kidokezo cha mmoja aliyesema ovyo kikafichua siri ya wote waliofanana naye, hata wale waliokuwa wamenyamaza. Ufunguo haukuhitajika, wala fumbo lenyewe halikuvunjwa. Kosa halikuwa katika kufuli, bali katika mkono uliolifunga.

Nani basi alaumiwe? Mtumiaji husema, “Maktaba ndiyo iliyonipa.” Mtunzi wa maktaba hujibu, “Nilimpa chombo, sikumpa akili.” Kila mmoja ana sehemu ya haki, lakini haki mbili nusunusu hazimlipi aliyefedheheka. Ili hukumu iwe sawa, budi ujinga wenyewe ugawanywe namna mbili. Uko ujinga wa undani wa chombo, na uko ujinga wa mipaka yake. Nahodha hafumi tanga wala halaumiwi kwa kutojua kufuma. Lakini asiyejua upepo upi hulipasua tanga hilo, akapakia abiria, ana dhambi hata safari ikifika salama. Vivyo hivyo mtunzi wa programu hasailiwi hesabu za Daemen na Rijmen. Husailiwa kama alijua chombo chake kinaahidi nini, na kinakataa kuahidi nini.

Pingamizi moja yastahili kusikilizwa. Yaweza kusemwa kuwa sharti hili ni zito mno: watunzi wengi ni vijana, muda wao ni mfupi, waajiri wao hawana subira, na kila mtu akingoja elimu timilifu hapana kazi itakayofanyika. Maneno haya ni ya kweli, na dawa yake moja ni kuwadai watunzi wa maktaba waifanye njia nyepesi kuwa ndiyo njia ya salama. Wengine wamefanya hivyo. PyCryptodome, iliyorithi mahali pa PyCrypto, humlazimisha mtumiaji kutaja namna anayoitaka. Na chombo kiitwacho Fernet hufumba maandishi kisha hutia muhuri wa kuonyesha kama yameguswa, bila kumwuliza mtumiaji maswali asiyoyaweza.

Lakini wema wa mtunzi hupunguza wajibu wa mtumiaji, hauufuti. Hapana maktaba iwezayo kumzuia mtu kuuandika ufunguo ndani ya programu ileile anayoigawa kwa wenziwe. Hapana iwezayo kumkumbusha kuwa kufuli huzeeka. Fumbo la DES lilikubaliwa mwaka 1977 kwa ufunguo wa biti 56. Mwaka 1998 mashine moja ililivunja kwa muda usiofika siku tatu. Maktaba ya libmcrypt, ambayo waandishi wa PHP waliitegemea, ilikoma kutunzwa mwaka 2007, lakini haikuondolewa katika lugha hiyo hata toleo la mwaka 2017. Kwa miaka 10 watu walifunga milango kwa kufuli ambayo fundi wake alikuwa amekwisha ondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa siri hauonekani mpaka ukuta umelala.

Jibu la swali ni hili. Kuazima kufuli ni busara. Kuiazima bila kuuliza ni kuvunja amana, hata kama mwizi hakuja. Kuuliza si ujinga, na maswali yenyewe si mengi: chombo hiki hufumba kwa namna gani, ufunguo wake umelala wapi, na ni nani anayekitunza leo? Asiyeweza kuyajibu amebakiwa na njia moja ya uadilifu, nayo ni kutoikusanya siri ambayo hawezi kuilinda. Siri isiyochukuliwa haihitaji kufuli. Mwenye siri hayuko chumbani wakati mistari ile mitatu inapoandikwa. Hajui jina la maktaba wala la mtumiaji wake. Ameamini tu. Na anayeaminiwa na mtu asiyeweza kumchungua amebeba deni kubwa kuliko anayechunguzwa kila siku.