Mtoto Asiachwe na Nusu ya Habari

Asubuhi ya Jumapili, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Huku Buhongwa, kama kwingineko Kanda ya Ziwa, watoto walifuatilia pamoja na wakubwa: mkia wa ndege umechomoza majini, mitumbwi imeuzunguka, watu wamejipanga wanavuta kamba. Kila aliyetolewa hai alishangiliwa. Taarifa za mwanzo zilitaja waliookolewa 26, ikasemwa hata marubani wanawasiliana na waokoaji. Jioni ikajulikana kwamba kati ya watu 43, 24 wamepona na 19 wamefariki, marubani wote wawili wakiwamo.

Saa zote hizo, nani alikaa na mtoto? Mzazi yuko kwenye simu, mtoto yuko kwenye luninga. Anayeitwa kuoga saa tisa analala na shangwe. Anayerudi sebuleni usiku analala na hofu. Kumuunganishia mtoto vipande hivyo ni kazi ya mlezi, na haina mbadala.

Katika uokoaji huo alisifiwa sana Majaliwa Jackson, kijana mvuvi. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais Samia akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watoto wanashika upesi hiyo milioni. Mzazi awarudishe nyuma kidogo, kwenye dakika ambayo hakuna aliyeahidi kitu: kijana anapiga kasia kuifuata ndege inayozama, anajaribu kufungua mlango, anaumia, anazinduka yuko hospitali. Hapo ndipo pa kukaa na mtoto na kuzungumza naye.

Baadhi yetu tumelelewa kwa kunyamazishwa: msiba wa ziwani hautajwi mbele ya watoto. Sikubaliani na malezi hayo. Ukipanda daladala kutoka Buhongwa unafika Igoma, walikozikwa wengi waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Mtoto apelekwe, aelezwe. Akijua Igoma ni nini, ataelewa vizuri zaidi ile furaha ya 22 Septemba 2018, fundi Augustine Charahani alipotolewa hai ndani ya MV Nyerere, siku mbili baada ya kivuko hicho kupinduka karibu na Ukara. Siku hiyohiyo watu walikuwa bado wanazitambua maiti za ndugu zao, na waliokufa walizidi 200.

Kwa mtoto wa miaka mitano, sentensi mbili zinatosha: wako waliopona, wako waliofariki. Wa darasa la saba aachwe afuatilie habari ya ndege ile mpaka Jumatatu, miili ilipoagwa Uwanja wa Kaitaba. Na akiuliza kwa nini wavuvi walifika kabla ya vikosi vya uokoaji, asikemewe. Hata watu wazima waliuliza hivyo, na ziwa hili ndilo atakalosafiria na yeye.