Jua Hupatwa kwa Hisabu, Si kwa Msiba

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeumba mbingu na ardhi, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu hapa Gatitu tuliulizwa suala hili: Mtu asemaye kuwa siku fulani, saa fulani, jua litapatwa, je, hajidai kujua ghaibu? Na Muislamu amsadiki?

Jibu tulilitoa kwa taa, chungwa na ndimu. Taa ni jua, chungwa ni ardhi, ndimu ni mwezi. Ndimu ipitapo baina ya taa na chungwa, kivuli chake huangukia chungwa. Huko ndiko kupatwa kwa jua, na hakuwi ila mwezi ufapo, kabla ya kuandama mpya. Chungwa liwapo katikati, ndimu huingia kivulini. Huko ndiko kupatwa kwa mwezi, na hakuwi ila mwezi uwapo mpevu. Hayatokei kila mwezi, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kiasi cha digrii 5, na mara nyingi kivuli hupita juu au chini.

Wajuao hisabu hiyo walitangaza mapema kuwa Ijumaa, tarehe 15 Januari 2010, jua litapatwa katika nchi yetu ya Kenya. Asubuhi ile likapatwa, na Nairobi ikaonekana pete ya mwanga, kwani mwezi ulikuwa mbali nasi hata usiweze kulifunika jua lote. Hapo hapana ghaibu. Mwenyezi Mungu ameliendesha jua na mwezi kwa hisabu, na mwenye kuisoma hisabu hiyo asoma kazi ya Mola wake. Ghaibu hudaiwa na mpiga ramli atazamaye nyota akakwambia riziki yako na ajali yako. Mwenye falaki asema mwezi utakuwa wapi. Mpiga ramli asema wewe utakuwaje. Wa kwanza tumsikize, wa pili tumkimbie.

Na tukumbuke yaliyompata Mtume wetu. Mwanawe Ibrahim alifariki angali mchanga, na siku hiyo jua likapatwa. Hisabu zaonyesha kuwa Madina jua lilipatwa tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limesikitika kwa kufa mwana wa Mtume. Lau angalikuwa mtafuta sifa, kunyamaza tu kungalimtosha. Lakini yeye, na msiba wake ungali moto, aliwakatalia. Akawafunza kuwa jua na mwezi ni dalili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya mtu yeyote, akifa wala akiishi.

Basi sisi je? Akifa mzee wetu mtukufu na wingu likaufunika Mlima Kenya, hakosekani wa kusema mlima wamlilia, ilhali wingu huufunika mara kwa mara pasipo maiti. Jua lipatwapo, mama mja mzito hufungiwa ndani, na vyombo hupigwa kwa makelele ili jua liachiliwe. Ni nani aliyelikamata?

Atauliza mtu: Ikiwa ni hisabu tu, mbona twasali? Nasi twamjibu: Alfajiri nayo yajulikana kwa hisabu, na saa zake zimebandikwa ukutani msikitini, mbona twaisali? Hatusali kwa kuwa hatujui. Twasali kwa kuwa twajua jambo hili ni la nani. Jua lenyewe, ambalo nuru yake yatufikia kwa muda wa dakika 8 hivi, ni nyota moja tu katika kundi la nyota zaidi ya bilioni 100, na makundi kama hilo hayana idadi kwetu. Mwenye kulijua hili akaacha kusujudu, ilimu yake haikumfaa kitu.

Hisabu zaonyesha kuwa Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote juu ya Makka, na huku kwetu sehemu yake. Siku hiyo msilikodolee jua macho, kwani laweza kupofusha. Wala msiwafungie wake zenu. Toeni sadaka, ombeni maghufira, na msali rakaa mbili za kupatwa kwa jua, kila rakaa kwa rukuu mbili, kama alivyosali Mtume wetu na huzuni imo moyoni mwake.

Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa. Amin.