Kijerumani Utamsemesha Nani?

Kikao cha familia kilichoitwa kumsaidia binti wa kaka yangu kuchagua kozi ya chuo kikuu kiliisha kwa kicheko, na kicheko hicho bado kinaniuma. Binti alitaja kozi tatu alizozipenda. Jiolojia ikapita bila maneno, maana Geita kuna dhahabu. Sayansi ya siasa na utawala ikapita kwa mzaha wa ukuu wa wilaya. Alipotaja Kijerumani, mzee mmoja wa ukoo, mstaafu tunayemheshimu sote, akamuuliza: "Kijerumani, mwanangu, utamsemesha nani?" Usiku uleule binti akakifuta.

Swali la mzee ni la manufaa, na manufaa, tukubaliane upesi, ni uwezo wa kitu kumfikisha mtu kwenye lengo lake. Tangu Aristotle watu wameliandikia hilo vitabu, nami sina ugomvi nao. Yapo pia mapingamizi ya haki: mkopo wa elimu ya juu ni deni, na deni halilipwi kwa mapenzi ya lugha. Nayakubali, tuendelee.

Ninachoshindwa kukivumilia ni lile "utamsemesha nani". Linajifanya kuipima kozi, kumbe linampima mtu: mtoto wa maskini asome kile tu ambacho tayari yupo aliyeahidi kumlipa. Tena linadhani lugha hujifunzwa kwa ajili ya kuzungumza na watalii.

Twende Tendaguru, mkoani Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler alikuta huko mfupa mkubwa wa dinosaria, yule mjusi wa kale, umejitokeza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yakachimba, na shehena ya mifupa ya takriban tani 250 ikabebwa na wapagazi, kwa vichwa na mabega, hadi bandarini Lindi. Vita vya Majimaji na njaa yake vilikuwa vya juzi tu. Mjusi mkubwa kuliko wote waliochimbwa pale alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13.

Sasa chukua kijana anayetaka kujua mifupa ile iliondokaje. Lazima asome miamba ya miaka milioni 150 hivi iliyopita. Lazima aielewe amri ya 1895 iliyofanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola ya Kijerumani. Na maelezo ya kisayansi ya Werner Janensch, kiongozi wa uchimbaji, yako kwa Kijerumani. Kozi zote tatu za binti yetu zimo ndani ya shimo moja. Atamsemesha nani? Atawasemesha marehemu walioandika habari zetu bila kutuuliza.

Najua jibu la mzee: tutaajiri mfasiri. Ndilo jibu linaloniudhi kuliko yote. Mfasiri hutafsiri karatasi uliyomkabidhi. Hajui sanduku lipi lifunguliwe, wala hashtuki anapokutana na jina la kijiji cha bibi yake, kwa kuwa si kijiji cha bibi yake. Asiyeisoma lugha mwenyewe hupokea maswali yaliyochaguliwa na wengine, kisha anajisifu kwamba amejibiwa. Suala la kumrudisha mjusi yule limezungumzwa hata bungeni, na kila upande una hoja zake. Lakini mezani, anayesoma nyaraka kwa macho yake hakai sawa na anayesomewa. "Kwanza tushibe, mengine baadaye," mzee ataongeza. Baba wa mzee huyo naye aliambiwa hivyohivyo, na hiyo "baadaye" haijawahi kupewa tarehe.

Hapa siwezi kumpita Boheti bin Amrani, mtu ninayependa kumtaja hata pasipostahili. Alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru. Alijua kuufukua mfupa uliopasuka bila kuumaliza, na wazungu wakamtegemea. Mwaka 2007 mtaalamu wa Kijerumani, Kristian Remes, alimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Karibu miaka mia ilipita kabla jina lake halijaingia katika sayansi aliyoitumikia.

Tatizo ni kwamba Boheti hakusoma chuo kikuu chochote. Mzee wetu angeweza kumgeuza kuwa shahidi wake: unaona, mikono inatosha! Nami ningemjibu kwamba mikono ilitosha kuchimba, ila haikutosha kuandika, na aliyeandika ndiye aliyeondoka na mjusi. Hata hivyo jibu hilo haliniridhishi kabisa. Huenda kilichomnyima nafasi ya kuandika si ukosefu wa elimu bali bunduki zilizokuwa nyuma ya wale waandishi, na hakuna shahada ya Kijerumani inayozuia bunduki.

Bunduki hizo zimenyamaza, lakini maandishi bado yanasubiri msomaji: majalada ya utawala wa Kijerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mengi yameandikwa kwa Kijerumani, tena kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila kufundishwa.